Mwalimu Sostenes Masalu, Aliyeitoa Lugimba Kwenye Ligi ya Vyuo Sita

Baba Padri, mwenyekiti wa msiba, viongozi wa Ligi ya Vyuo Sita, mkuu wa Chuo cha Ufundi Lugimba pamoja na walimu na wanafunzi wako, ndugu, jamaa na majirani wa Samuye, wakubwa shikamooni, wadogo poleni. Naitwa Asteria Masalu, mdogo wake marehemu wa kumfuata, nimefanya kazi masjala ya mahakama kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo kwenye tarehe mniamini, kwenye mengine mnivumilie. Marehemu ameacha karatasi mbili alizoziandika kwa mkono wake akiwa hospitalini, akaniagiza nizisome kama zilivyo, nisimrembe, na nikiongeza la kwangu niseme kuwa ni la kwangu.

Mwalimu Sostenes Masalu alizaliwa tarehe 11 Machi 1966 hapa hapa Samuye, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Masalu Ng'wandu, mkulima na mfugaji, na mama Scolastika Kabula, ambao wote wametangulia, na katika sisi saba leo tumebaki wanne. Alichunga ng'ombe kama watoto wote wa hapa, na mwaka 1974 alichapwa fimbo sita kwa sababu aliacha ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa jirani yeye akiwa anacheza mpira, jambo ambalo baba alilisimulia kila Krismasi mpaka anaingia kaburini.

Alisoma Shule ya Msingi Samuye kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akajiunga na sekondari mjini Shinyanga mwaka 1982 na kumaliza mwaka 1985, kisha akaenda Butimba, Mwanza, kusomea ualimu wa michezo kuanzia 1986 hadi 1988. Alifundisha shule za msingi kwa miaka kumi na miwili na ushee, na tarehe 2 Julai 2001 alihamishiwa Chuo cha Ufundi Lugimba, kata ya Kambarage, akiwa mwalimu wa michezo, na hapo hapo Lugimba kazi yake ya chuo ilianzia na hapo imeishia.

Tarehe 19 Juni 1993 alifunga ndoa takatifu na Justa Benjamini, mama Nelly, huyu mnayemwona hapa, wakajaliwa watoto watatu, Nelly aliyezaliwa mwaka 1995 ambaye ni muuguzi, Enock wa mwaka 1998 anayeuza vipuri vya mashine za wachimbaji kule Katoro, na Ritha wa mwaka 2003 ambaye bado anasoma. Alikuwa baba mkali wa muda, ukichelewa dakika tano unakuta mlango umefungwa, na mama Nelly ndiye aliyekuwa akiufungua.

Sasa naingia kwenye sehemu ambayo baadhi ya wanafamilia waliniomba niiruke, na mimi nimekataa, kwa sababu karatasi ya pili yote inahusu jambo hilo.

Mwaka 2002 vyuo sita vya Shinyanga vilianzisha ligi ya mpira wa miguu, na marehemu alikuwa mmoja wa walioandika katiba yake, kurasa sita zilizopigwa chapa. Hapa kwetu, kwa wageni ambao hamjui, kaburi halichimbwi na mtu wa kulipwa, linachimbwa na majirani, na mtu aliyetengwa na majirani wakati wa msiba ndipo anapojua kuwa ametengwa. Walimu na wafanyakazi wa vyuo wengi walikuwa wametoka mikoa ya mbali, wanaishi nyumba za chuo, majirani wa kuwachimbia hawana, basi wakaweka kifungu cha kumi na mbili, kwamba chuo kimoja kikifiwa, vingine vitano vitakuja kuchimba na kufukia, na aliye nje ya ligi atakaribishwa msibani kama mgeni, lakini jembe na koleo hatashika. Kwa kifungu hicho marehemu alichimba makaburi kumi na manne, na timu yake ilichukua kombe mara mbili, mwaka 2007 na mwaka 2014, ingawa wenzetu wa ligi mpaka leo mnasema goli la mwaka 2014 lilikuwa la kuotea, haya, leo si siku yake.

Mwaka 2019 ilikuja Ligi ya Ukanda wa Dhahabu, iliyochezwa Bugarama, Katoro, Masumbwe na Geita, ikiwa na wafadhili, ikaialika Lugimba peke yake. Ilitoa basi lenye feni, jezi seti mbili, viatu vya kila mchezaji, na wali nyama baada ya mechi, na hapo mkumbuke kuwa wanafunzi wa Lugimba walikuwa wakienda kwenye mechi juu ya lori la mchanga, wanafika uwanjani wamekuwa weupe kwa vumbi kabla hawajagusa mpira. Kamati ya michezo ilikaa siku ya Ijumaa tarehe 16 Agosti 2019, wajumbe wanane na mwenyekiti wao ambaye ni marehemu, wanne wakanyoosha mikono kubaki, wanne wakanyoosha mikono kuondoka, mkono wa tisa ukawa wake. Watu wamesema sana kwamba alilazimishwa na wakubwa, yeye ameandika hivi, nami nasoma, kwamba hakulazimishwa na mtu, alinyoosha mkono kuondoka kwa sababu alilitamani lile basi kwa ajili ya vijana wake, na angekuwa mtu mwingine yeyote aliyewahi kupanda lile lori angelitamani vilevile.

Jumatatu tarehe 19 Agosti aliandika barua ya kujitoa, na ndani yake kuna maneno ambayo ligi haikuyasahau, kwamba chuo kinajiondoa katika shughuli zote, za uwanjani na za nje ya uwanja. Mwalimu Selestine, katibu wa ligi, aliisoma barua ile mbele ya kikao, alipofika hapo akarudia mara tatu, nje ya uwanja, nje ya uwanja, jamani huyu mtu anajua alichoandika? Marehemu alipoulizwa alisema maneno ni yake. Hili ninaloongeza sasa ni la kwangu, halimo kwenye karatasi zake. Maneno yale nilimpa mimi. Alinipigia simu siku ya Jumapili, akaniuliza barua ya kujitoa huandikwaje ili pasibaki kitu kinaning'inia, nami kwa ujuzi wangu wa masjala nikamwambia aandike hivyo, sikukijua kifungu cha kumi na mbili wala sikuuliza, na yeye kwa haraka ya kuwahi basi hakukikumbuka. Kwa miaka sita hakunitaja kwa mtu yeyote, wala mimi sikujitaja, na hilo la kutojitaja linaniuma kuliko barua yenyewe.

Basi lilikuja kweli, wali nyama ulikuwepo kweli, Lugimba ikacheza misimu minne na nafasi yake nzuri kuliko zote ilikuwa ya tano. Upande wa pili Ligi ya Vyuo Sita ilibaki na vyuo vitano bila kubadilisha jina, kila Jumamosi timu moja ikawa inakaa bure kwa kukosa wa kucheza naye.

Tarehe 9 Agosti 2021 alifariki mzee Januari, mtunza uwanja wa Lugimba, aliyekuwa akichora mistari ya uwanja kwa chokaa tangu ligi inaanzishwa, na ambaye naye alikuwa amechimba makaburi ya vyuo vyote vitano. Hakuna aliyemuuliza mzee Januari kama anataka kutoka kwenye ligi, ila barua ilimtoa. Siku ya kumzika, tarehe 11 Agosti, vyuo vitano havikuja, na wale wa Ukanda wa Dhahabu walileta shada kubwa la maua lenye utepe, dereva akalishusha, akageuza gari, akaondoka. Marehemu alichimba yeye na wanafunzi tisa ambao wengi hawakuwa wamewahi kuchimba kaburi, udongo wa mbuga mwezi wa nane mnaujua, jembe linadunda, na jeneza lililofika saa sita mchana likakaa juani mpaka saa kumi jioni huku mjane amefunikwa khanga kichwani. Marehemu ameandika kwamba hapo ndipo alipoelewa mkono wake wa tisa ulichagua nini.

Tangu siku ile alianza kuomba Lugimba irudishwe. Aliandika barua tano, nne za kwanza uongozi wa chuo wa wakati ule haukuzisaini, kwa maelezo kwamba chuo hakiwezi kuomba radhi kwa jambo la mpira, na ligi nayo ikasema haipokei ombi lisilo na saini ya mkuu. Mwezi Machi 2023 Ukanda wa Dhahabu ulipanga upya ligi yake ukabakiza timu za migodini tu, Lugimba ikaarifiwa kwa barua ya mistari minne, na tangu hapo vijana wale hawana ligi, wanacheza na timu za bodaboda na shule za sekondari. Mkuu wa chuo wa sasa, ambaye tuko naye hapa na tunamshukuru, alisaini ombi la tano mwezi Mei mwaka huu, kikao cha kulijadili bado hakijakaa.

Wakati anasubiri, marehemu alikwenda kwenye misiba yote ya vyuo vile vitano, misiba saba, niliihesabu. Wa kwanza alikwenda na jembe lake, akaambiwa kwa adabu aliweke chini akae na wageni, akaliweka. Kuanzia wa pili alikwenda na baiskeli na madumu manne, akawa anawachotea maji wachimbaji, kwa sababu kifungu kilitaja jembe na koleo, maji hakikuyataja. Mama Nelly alimwambia, baba Nelly, utajidhalilisha mpaka lini, mtu mzima unageuka mchota maji wa watu wasiokutaka? Akamjibu kwamba kifungu alikiandika mwenyewe, na kwamba watu wanaochimba wanasikia kiu.

Mwezi Novemba 2024 alianza kuvimba miguu, akapimwa katika hospitali ya mkoa na kukutwa na tatizo la figo, akapewa rufaa kwenda Mwanza, ambako alisafishwa damu mara mbili kwa wiki mpaka mwili ukachoka. Karatasi zake zinaishia hapa, yanayofuata ni ya kwangu. Mwezi Agosti mwaka huu aliniita akaniambia, Asteria, msiajiri vibarua, mkikosa wa kunichimbia mchimbe wenyewe, nikamwambia anyamaze, hajafa, akacheka, akasema kwamba mimi Asteria tangu utoto ni mbishi wa tarehe. Alifariki siku ya Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkewe na Nelly wakiwa naye.

Nitakuwa mkweli, familia iliogopa, kwa sababu marehemu ameishi nyumba ya chuo miaka mingi, na mtu wa chuo majirani huwaachia wenzake wa vyuo wamchimbie. Enock alikuwa ameshazungumza na wachimbaji wa Katoro, watu wazuri, walikuwa tayari kuja bila malipo, lakini baba yake alikuwa ameshasema neno lake. Alhamisi jioni mwalimu Selestine alifika hapa na barua, ninayo mkononi, inasema kwamba Ligi ya Vyuo Sita imesimamisha mechi zote za leo, na kwamba inampokea mwalimu Sostenes Masalu kuwa mwanachama kwa nafsi yake, ila Chuo cha Lugimba kitasubiri kikao. Mama Nelly aliposomewa alilia kwa sauti, na mimi ambaye silii hovyo nilitoka nje. Jana Ijumaa watu ishirini na watatu wa vyuo vitano walichimba kaburi hili tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja, na saa mbili walipokuja wanafunzi wa Lugimba na majembe yao, waliambiwa, kwa adabu ileile, wayaweke chini wakae na wageni. Wakakaa kutwa nzima wanatazama mwalimu wao anachimbiwa na watu wengine. Niliwaona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Shinyanga na Mwanza, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu waliomzoea mpaka wakawa wanamuuliza matokeo ya mechi, inawashukuru majirani wa Samuye na wa Kambarage kwa turubai, kuni na sufuria, Baba Padri na kwaya, walimu wenzake wa Lugimba, na ninyi Ligi ya Vyuo Sita, mmetuheshimu mno, kwa Kisukuma chetu tunasema wabeja, wabeja sana. Ambaye sijamtaja asinune, karatasi ndiyo iliyokwisha.

La mwisho ni la kwangu pia, na nimelizungumza na mama Nelly na watoto asubuhi hii. Ndugu zangu wa ligi, sibishani na katiba yenu, koleo ni lenu na kufukia ni kwenu. Lakini kabla ya koleo kuna udongo wa mkononi, huo ni wa familia, na katiba yenu haina kifungu juu ya familia. Tumekubaliana kwamba leo zamu ya familia itakuwa ya wanafunzi wa Lugimba, watapita mmoja mmoja mpaka waishe, wako arobaini na wawili, naomba muwe na subira kabla ya kushika koleo. Mjane na watoto wamebakiza mkono wao, mimi wa kwangu nimeutoa wote, nimempa kapteni wa timu, kwa sababu maneno yaliyowaweka vijana hawa nje yalitoka kinywani mwangu, na mtu wa namna hiyo hafai kumtupia udongo mwalimu wao huku wao wamekaa. Kikao chenu kitakapokaa, ulizeni kosa ni la nani, jina langu mnalo, Asteria Masalu.

Kaka Sostenes, vijana wako wanakuja kukufunika, pumzika kwa amani.