Nati Moja Aliyoibakiza Shangazi

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, Shangazi anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye mtunza stoo, na bolti zote alizofunga zimepita mikononi mwangu. Nimekubali, ila nasema mapema kwamba nimechanganyikiwa.

Kazi yake mnaijua. Magari ya kupanda milima yakiletwa, yeye ndiye anayeyafunga vyuma vya ubavuni, yale mabomba mazito yanayokaa chini ya milango ili mwamba ukija ukutane na chuma kwanza. Alianza hapa kwa kufagia. Siku moja fundi hakutokea, mteja anafoka, yeye akaegesha ufagio ukutani na kuingia uvunguni mwa gari. Nani alimfundisha, mpaka leo hatujui. Hatujui hata nani alianza kumwita Shangazi, maana bosi amemzidi umri na anamwita hivyo hivyo.

Bolti zote huziingiza kwa vidole kwanza, kisha huanza kukaza kutoka katikati. Ukimwuliza kwa nini katikati, anakuuliza wewe ungeanzia wapi, na ukijibu anacheka mpaka anajifuta machozi. Nati ya mwisho haikazi kabla gari halijazungushwa uani likarudi. Yuko bwana mmoja aliyetaka vyuma vya kupendezea gari tu. Shangazi alimwambia apande juu ya vyuma hivyo aone kama vinabeba, akampandisha na mkewe, halafu akamfuata mama mkwe aliyekuwa amejikalia zake kiti cha nyuma. Vyuma havikutikisika. Mama mkwe ndiye aliyegoma kushuka.

Dereva wa gari la zahanati hacheki tukisimulia hayo. Mwaka juzi gari lake liliteleza kwenye kivuko cha mto likalalia jiwe upande wa kushoto. Chuma kilipinda vibaya, lakini mlango ulifunguka, na muuguzi akamtoa mama mjamzito waliyekuwa wamembeba. Tangu hapo mtu mwingine yeyote akilisogelea gari hilo na spana, dereva anasimama katikati.

Ndilo gari la mwisho la Shangazi. Jumatatu lilikuja kubadilishiwa vyuma, na Jumanne jioni vilikuwa vimekaa sawasawa. Dereva akalizungusha uani, akarudi. Shangazi alikuwa ameshanawa mikono na kwenda nyumbani, nati ya mwisho imezungushwa kwa vidole tu, bila spana. Jumatano hakuigusa. Alhamisi alifagia karakana nzima, kazi ambayo hajaifanya tangu ujana wake, akalizunguka gari lile kama halipo. Mafundi wakaanza kunong'onezana kuwa uzee umeingia. Nami kichwa kiliniuma. Amesahau, yeye? Au ndivyo inavyofanywa, na sisi miaka yote hatukuelewa?

Nikamfuata, nikamkumbusha kwamba zahanati inalihitaji gari Jumatatu alfajiri. Hakunitazama.

"Niache kwanza, mdogo wangu," alisema. "Nikiikaza hiyo, nimemaliza."

Nilirudi stoo nikajifanya nahesabu washa, zile pete bapa za kukalia nati. Nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila mtu aliyerudi nyumbani mlango wake ukiwa unafunguka. Sijui kesho nitampa nani bolti, wala sijui tutaanzia wapi kukaza. Katikati, nadhani. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu watakaokubali kupandishwa juu ya vitu.

Gari la zahanati tumeliegesha nje ya ukumbi huu, na dereva amekaa ndani yake hataki kuingia kwenye sherehe. Spana yako iko chini ya kiti chako. Kula kwanza, Shangazi. Hatukuharakishi.