Ukurasa wa Siku ya Sifuri

Kaka yetu, tuliyezoea kumwita Fundi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu wa mchonga mawe. Tangu utotoni alikuwa na mkono wa kukaza. Mama alikuwa akisema, "Chupa aliyoifunga huyu, hata malaika ataomba msaada."

Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ufundi wa vyuma miaka miwili. Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika maabara ya fizikia ya chuo kikuu, chumba cha chini, mlango wa mwisho.

Huko aliweka chembe ya madini, ndogo kuliko punje ya chumvi, katikati ya ncha mbili za almasi, akakaza skrubu nne hadi ibanwe kama mawe ya tumboni mwa dunia. Ikibanwa sawasawa na kupoozwa, umeme hupita ndani yake bila kupotea hata kidogo. Ukikaza kwa pupa, almasi hupasuka. Yeye alikaza robo mzunguko, akasubiri, akakaza tena. Tarehe 21 Agosti 2014 kipimo cha ukinzani, yaani kinachozuia umeme kupita, kilishuka hadi sifuri. Profesa wake akavishwa nishani, akaandika kwamba alikaza kwa mkono wake mwenyewe. Jina la kaka halikuwamo hata kwenye shukrani.

Mwaka 1989 alimwoa mshona nguo, wifi yetu, aliyependa kumtania: "Unashinda na almasi kutwa, kidole changu kitupu!"

Novemba 2022 alipatikana na saratani ya ini. Bila yeye, maabara ilivunja almasi sita. Profesa akaja wodini.

"Fundi, ndugu yangu, ulikuwa ukisubiri muda gani kabla ya kukaza tena?"

"Profesa, si uliandika ulikaza mwenyewe? Uulize mkono wako."

Kaka alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Alifariki Jumanne, tarehe 16 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Mimi mdogo wake ni mtu wa sala. Tangu siku ile ya wodini namwomba Mungu aniondolee hasira. Hajaiondoa, nami nadhani ana sababu.

Jana profesa alimtuma dereva wake achukue daftari la kaka. Dereva akakuta mwana si wako; hatukumpa. Katika chumba kile, kila aliyekaza aliandika jina lake daftarini, na profesa akasaini kushuhudia. Alisaini bila kusoma. Ukurasa wa siku ya sifuri umechapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi, nakala mia nne; nyingine imetumwa kwa waliotoa nishani. Funueni. Aliyekaza ni kaka. Profesa, aliyeketi safu ya pili, asihangaike kutafuta miwani. Sahihi ya shahidi ni yake. Muda wa kusubiri tumeufunika kwa wino. Huo kaka amekwenda nao.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi ndugu wanne.

Mungu amlaze pema. Sisi bado tuko macho.