Kikombe Kimoja kwa Wawili: Mwalimu Katunge Ndululu Anastaafu

Leo, Ijumaa tarehe 28 Machi 2008, Mwalimu Katunge Ndululu anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha Kihispania katika kituo chetu cha lugha hapa Riruta Satellite. Ofisi iliniomba mimi, Aoko, jirani yake wa darasa la Kifaransa, niandike wasifu wake wa kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe. Ikanipa na maneno ya kutia ndani. Nimeyasoma nikapandwa na hasira, na mpaka sasa haijashuka, kwa hiyo mtanivumilia.

Katunge alitoka Machakos akiwa mwalimu kamili, sauti yake ikisikika mpaka barabarani. Kihispania kilimkaa sana kichwani. Siku moja aliingia dukani hapa Satellite akaagiza mkate kwa Kihispania, na mwenye duka, mama mpole, akamuuliza kama ameugua.

Aliyepita kwake hawezi kusahau somo la esta, esa na aquella. Vitabu vyetu vya Kiingereza vilihangaika nalo, maana Kiingereza kina hatua mbili tu za umbali, this na that. Katunge alivifunga, akawaambia wanafunzi kwamba hatua zote tatu wanazo tangu utotoni: hiki, hicho, kile. Kisha akaleta chai moto katika vikombe vya bati na kuwaketisha wawili wawili, kila jozi na kikombe chake kimoja. Aliyekishika alisema esta taza, hiki nilicho nacho. Mwenzake alisema esa taza, hicho kilicho kwako. Kikiwekwa dirishani, mbali na wote wawili, kinakuwa aquella taza. Wakishazoea, wanaliacha jina la kitu, na ésta au ésa inasimama peke yake. Mnapokezana, mnakunywa, na jozi haivunjwi mpaka siku ya mtihani wa kuzungumza, ambao nao hufanywa na watu wawili.

Muia, fundi viatu wa Laini Saba kule Kibera, alizoea kuonyesha vitu kwa mdomo, kama sisi sote. Katunge alimwambia kwamba mdomo hauna umoja wala wingi, anyooshe mkono kama binadamu. Darasa lilicheka wiki nzima.

Halafu ikaja Januari, baada ya uchaguzi. Kibera iliwaka, reli ikang'olewa, na Kawangware vijana walisimama njiani kuuliza watu majina yao, wajue kabila. Mkurugenzi wetu, Bwana Mutinda, akabandika tangazo: wanafunzi wa Kibera watasoma Jumatatu na Jumatano, wa Kawangware Jumanne na Alhamisi. Eti usalama. Usalama gani? Kila mtu alijua anatenganisha nani na nani, na ndani ya uzio wetu hakuna aliyekuwa amemgusa mwenzake.

Tangazo hilo lilizivunja jozi za Katunge, na iliyoumia zaidi ni ya Valary Nasambu wa Laini Saba na Gathoni wa Kawangware. Zahanati ya watawa Wahispania ilikuwa imewaahidi wote wawili kazi ya ukalimani wakifaulu mtihani wa mwisho wa Februari. Bila mwenza hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna kazi.

Jumatatu hiyo Katunge aliingia darasani, akaona nusu ya viti vitupu, akaenda ofisini moja kwa moja. Nilikuwepo. Alisema, "Nusu darasa mimi sifundishi. Kama ni kunifukuza, nifukuze." Mkurugenzi alimtishia kwamba ataondoka mapema na bila kuagwa. Kesho yake Katunge akahamishia somo kwenye baraza ya nyumba yake ya kupanga, wote kwa pamoja, na majirani wakimwonya kwamba anajitafutia balaa.

Msidhani mambo yalikuwa matamu. Kibanda cha mama yake Gathoni kule Laini Saba kilikuwa kimechomwa. Mjomba wa Valary alikuwa ametolewa chumbani kwake Kawangware, vitu vikatupwa nje. Mabinti hao waliketi kila mmoja akiangalia upande wake. Valary alipewa kikombe, akasema esta taza kwa sauti ya chini, akakinyoosha. Mikono ya Gathoni ilibaki mapajani. Chai ikapoa. Katunge hakuhubiri hata neno moja. Aliimwaga, akamimina nyingine ya moto, na kila somo likawa hivyo hivyo.

Mpaka siku moja Valary, kikombe mkononi, akaacha Kihispania.

"Gathoni, ile kibanda ya mathe yako, mimi nilikuwa nakula mandazi pale kila asubuhi. Wakiichoma, nililia."

Gathoni alikichukua kile kikombe na kunywa. Akauliza mjomba analala wapi siku hizi. Mtihani walifanya pamoja, wakafaulu pamoja, na Jumatatu ijayo wanaanza kazi zahanati.

Sasa sikilizeni niliyopewa na ofisi niyaandike: kwamba Mwalimu Katunge "alishirikiana na uongozi kufanikisha mpango wa masomo ya zamu." Alishirikiana! Mwanamke aliyetishwa mbele ya macho yangu! Sitaandika uongo huo, si leo wala siku nyingine. Na kama hiyo haitoshi, asubuhi hii nimekuta uwanjani mahema mawili, moja la wageni wa Kibera, jingine la wageni wa Kawangware. Aibu naiona mimi, wao wanapanga viti.

Mwalimu Katunge, asante kwa miaka yote hiyo, asante zaidi kwa Januari na Februari. Ofisi imekununulia saa ya ukutani. Wanafunzi wako wamekuja na birika na vikombe vya bati, na Valary na Gathoni wameomba wakumiminie wewe wa kwanza. Nenda Machakos ukapumzike, ulime, ulale usingizi mzuri, na Mungu akuzidishie siku.

Na nyinyi wa ofisini, tutaketi sote hema la kwanza, hata kwa kubanana. La pili mnaweza kulishusha.