Nizikeni Kichakani

Wangila, zima hiyo redio ukae. Edinah, nyanyua mto wangu kidogo, sauti inaniisha. Nasema mara moja, mnisikie nyote wawili, kesho asije mmoja akadai mama alikuwa anaweweseka.

Shamba hili la hapa Kwanza, marehemu baba yenu Mukhwana alishaligawa: la juu ni la Wangila, la chini ni la Edinah, na mtu asiniletee maneno ati msichana aliolewa kule Bokoli. Ng'ombe mgawane bila kelele. Ninacholilia mimi ni kile kichaka cha mtoni, ambacho Wangila ameshaongea na mwenye trekta kilimwe mahindi nikishafumba macho. Ulidhani sijui?

Mwaka jana ulipiga dawa maharagwe yakiwa kwenye maua, jua limewaka, nyuki wote wako kazini. Nilikukataza, ukacheka. Kesho yake niliingia shambani nikaogopa, wanangu. Maua yamejaa, meupe, na hakuna kinachovuma. Nilisikia pumzi yangu tu, na kila nilipokanyaga, nyuki walivunjika chini ya miguu. Malenge yalifika ukubwa wa kidole, yakaoza. Ikabidi nichume ua dume nilipake kwenye ua jike kwa mkono, mwanamke mzee mimi, nafanya kazi ya wadudu ndipo mle.

Nyuki waliobaki wako kichakani. Tangu Jumapili wanaingia kwa hilo dirisha. Hawaumi, hawavumi. Wanatembea kutoka miguuni hadi kichwani, wanarudi, kama fundi anayepima jeneza. Edinah, usitikise kichwa. Najua huwaoni.

Basi sikieni. Najua mila yetu, mke alale kando ya mumewe pale nyumbani. Mukhwana atanisamehe. Mimi nichimbieni katikati ya kichaka. Msifyeke zaidi ya njia ya kupitisha jeneza, wala msiweke simenti. Wazee wa ukoo wakigomba, waambieni Nasike mwenyewe ndiye alisema. Hapa kwetu hakuna mtu analima kaburi la mama yake, Wangila, hata wewe huwezi.

Lete mkono. Sina hasira na wewe, mwanangu, nina uchungu tu. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Muitane mkipika, msinuniane... Watoto wenu wazae, washibe... Ngoja nipumue.

Umeniahidi, Wangila? Sema kwa sauti, masikio yanaziba. Haya. Nimesikia.

Sasa mpigie huyo wa trekta simu, nikiwa bado nasikia.