Mikebe Mitatu Chini ya Benchi

Benchi la mbele ya kinyozi limeezekwa bati, na jua likiwaka watu huligombania. Mvunguni mwake ilikaa mikebe mitatu ya nyasi, mali ya Majani, mtunzaji wa uwanja wa gofu. Kiangazi kilichopita nyasi ya kuzunguka vishimo, ambayo hunyolewa fupi kama zulia ili mpira uteleze, iliungua yote mikononi mwake. Bosi hakumung'unya maneno: ikiungua tena, atafute kazi nyingine. Leo jioni Majani alitakiwa kupiga simu ataje aina ya kupanda. Alikuwa na hofu, ndiyo maana mikebe aliileta kijiweni mwezi mmoja uliopita, macho mengi yamsaidie kuona. Kila asubuhi aliinyoa kwa mkasi, akainywesha maji yaliyosuuza vikombe vya muuza kahawa wa hapo. Ila moyoni alishachagua siku nyingi: ile ya nchi za baridi, yenye jani jembamba kama uzi.

— Hii nyasi yako ya bermuda imekonda, alisema Wembe, kinyozi mwenyewe, akimnyoa mteja mlangoni. Na hii paspalamu jani lake pana, mpira utajikwaa.

— Paspalamu sifa yake ni kuvumilia maji ya chumvi, alisema Majani. Lakini itazame ya baridi inavyong'aa.

— Si ndiyo hayo? Mgeni njoo, mwenyeji apone, alidakia Dakitari, ambaye hajawahi kutibu hata kuku.

— Bosi anataka mpira ukimbie, alisema Majani.

— Haraka haraka haina baraka. Uende taratibu, mchezaji apate muda wa kutubu.

— Tatizo ni kwamba ya baridi hulala mchana kwa joto, alisema Wembe. Hata nywele hukua usiku, mimi nazijua. Wacheze usiku, na tochi.

— Tochi ina joto, wewe, alisema Dakitari. Kila shimo lipewe jokofu lake.

— Sasa mpira wataupataje humo ndani ya jokofu?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Majani alicheka, mzigo ukamtoka kifuani. Wote wako upande wake. Akatoa simu, akampigia bosi, akaiweka sikioni.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, akimsubiri mumewe amalize kunyolewa. Aliinama akaitazama mikebe, kisha akainua macho juu.

— Samahani, kaka. Na huko uwanjani mna bati kama hili?

Wembe akalitazama bati lake. Dakitari aliinama akachungulia mvunguni. Muuza kahawa alitikisa birika lake, akaanza kukusanya vikombe. Majani aliuvuta mkebe wa bermuda kwa mguu hadi juani, nyasi inayopenda jua kuliko zote, iliyodhoofu kivulini mwezi mzima mbele ya macho yake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Simu ikapokelewa.

— Haya, fundi. Tunapanda ipi?