Bi. Mwanasha Jaafar na Jioni ya Mashairi

Assalaam aleikum, na kwa ndugu zetu wa dini nyingine mliofika, karibuni na poleni nyote, kisomo kimekwisha na dua imeombwa, na sasa familia imemtuma Zainabu, bintiye marehemu, awasomee maisha ya mama yake, Bi. Mwanasha Jaafar Mwero.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa hapa Kikoneni, mtoto wa tatu wa Mzee Jaafar Mwero, mkulima wa mihogo na minazi, ambaye alikuwa akisema kwamba huyu alizaliwa akiwa ameshakataa jambo fulani, na kilichobaki ni kujua ni lipi. Alisoma shule ya msingi kijijini, akaendelea na sekondari Matuga, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, na posa ilipoletwa wiki ile ile ya matokeo, aliwapikia wageni chai, akawaandalia na mahamri, kisha akawaambia kwa adabu kwamba yeye anakwenda kusomea ukutubi Mombasa.

Alipata cheti chake mwaka 1989, akatunza vitabu vya shule moja ya Msambweni kwa miaka mingi, na mwaka 2012 akaajiriwa kuwa mkutubi msaidizi katika maktaba ya tawi la chuo kikuu kule Ukunda. Tarehe 7 Septemba 1991 aliolewa na Bwana Abdurahman Boga, fundi wa friji za mahoteli ya Diani, mtu wa maneno machache aliyempenda mwenye mengi, wakajaliwa Feisal mwaka 1993 na Zainabu mwaka 1997.

Ijumaa tarehe 29 Januari 2016, baada ya swala ya Alasiri, marehemu alifungua milango ya maktaba ile kwa watu wasio na kadi ya chuo, akawaalika wauza samaki, mafundi, walimu wastaafu na vijana wa bodaboda waje kughani na kusikiliza, na kuanzia hapo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikawa Jioni ya Mashairi, kwa Kiswahili, kwa Chidigo, kwa Chiduruma, na askari wa langoni alipouliza hawa wote ni wanafunzi wa nani, marehemu alimjibu, "Ni walimu."

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya waheshimiwa, tena wengine wameketi hapa, walituomba tupapite haraka kwa sababu ya amani, nasi tumewasikia, na tunapasoma polepole.

Jioni ya tarehe 30 Agosti 2019 alisimama Bi. Chiku Shutu, mwokota pweza wa upande wa Diani, akaghani juu ya njia ya pwani ambayo wanawake wa kwao waliitumia tangu zamani, na ambayo mwenye kiwanja kimoja alikuwa ameiziba, na beti zake zilianza hivi:

Njia ya nyanya na mama, leo hii ni ukuta,
Pweza wangoja salama, wapi nitakapopita?

Watu walicheka, kisha wakageuza macho safu ya mbele, kwa sababu mwenye ukuta alikuwa ameketi hapo, mgeni wa heshima aliyekifadhili chuo viti vipya, naye akainuka akatoka bila kuaga. Siku chache baadaye msimamizi wa tawi alimwita marehemu ofisini, akamtaka aombe radhi, akakataa, akaambiwa basi mashairi yote yawe yanaletwa kwa maandishi kabla ya jioni yenyewe ili yakaguliwe. Marehemu akasema, "Wenye mashairi hawayaandiki, bwana, wanayo kichwani. Lakini nitakuletea." Jioni hiyo alimwambia mumewe alichoahidi, na Bwana Abdurahman akamwuliza jambo moja tu, kama anahitaji gari la kuwaleta.

Jumatatu tarehe 16 Septemba, baada ya Adhuhuri, marehemu aliingia ofisi ile na Bi. Chiku na kina mama wenzake, wamevaa leso zao mpya, na msimamizi, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasimama akawaamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, wakamwitikia marahaba, wakamwuliza hali ya mamake, wakaketi, wakaanza kughani. Bi. Chiku alipofika kwenye ukuta, msimamizi aliomba ubeti ule urukwe. "Mwanangu," Bi. Chiku akamjibu kwa upole, "nikiruka ubeti shairi zima linanipotea, hebu nianze tena," akaanza mwanzo, akaombwa tena, akaanza tena, na wengine walikuwa bado wanangoja zamu zao wakati adhana ya Alasiri iliposikika na msimamizi akasema kwa sauti ya chini, "Haya, mama zangu, nimekagua."

Jioni ya tarehe 27 Septemba ilifanyika, ikajaa hadi veranda, na Bi. Chiku akaghani beti zote. Hatutawadanganya kwamba mambo yaliisha vizuri, kwa kuwa ukuta ungalipo, na marehemu alihamishiwa stoo kugonga mihuri vitabu, akanyimwa cheo alichostahili mpaka mwisho, jambo lililomuuma sana, lakini kila Ijumaa ya mwisho alipanda kutoka stoo, akanawa mikono, akafungua mlango.

Mnamo Novemba 2023 figo zake zilishindwa, akaanza kusafishwa damu Msambweni mara mbili kwa wiki, na tarehe 29 Novemba 2024 alitoka kitandani huko na pamba ingali imebandikwa mkononi, akaja kukaribisha watu, na alipobembelezwa arudi akapumzike nyumbani alisema, "Nyumbani kuna kitanda tu." Ndiyo ilikuwa jioni yake ya mwisho. Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, mumewe na watoto wakiwa kando yake, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya Adhuhuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, majirani wa Kikoneni na Ukunda waliotupikia na kutuchotea maji, wakutubi wenzake waliomshikia zamu, na kina mama waliokuja wakakaa. Kwa wanaouliza kama Jioni ya Mashairi imezikwa naye, jibu ni kwamba Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, baada ya Alasiri, Bi. Chiku ataifungua, na kama mlango wa maktaba utakuwa na kufuli, kina mama wanajua ofisi ya msimamizi iko wapi.

Pumzika, Bi. Mwanasha, sisi bado hatujanyamaza.