Loisi Namwinga, Mwimbaji wa Foleni na wa Jikoni

Wasifu huu unasomwa na mdogo wa marehemu, Eva, hapa Isongole wilayani Ileje, leo Jumamosi tarehe 21 Juni 2025. Wamo humu wafiwa wa pande mbili: ndugu wa upande wa kike waliotoka Tunduma na jamaa wa ng'ambo waliovuka kutoka Nakonde, Zambia, pamoja na wenye mji huu, ukoo wa Kibona. Tumeombwa tufupishe. Marehemu mwenyewe angeunga mkono, maana alikuwa akisema wimbo mrefu ni mgeni asiyejua kuaga.

Loisi alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 Tunduma, enzi hizo ikiwa bado Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa hayati Ferdinand Simwinga, fundi wa matairi (kwetu jina la ukoo huanza na Si- kwa mwanamume na Na- kwa mwanamke), na Mama Anastazia Nachalwe, ambaye yuko nasi hapa mbele. Kwa kuwa nusu ya ukoo iko upande wa Zambia, alilelewa na mashangazi wa nchi mbili, na akinyimwa uji huku alikwenda kuunywa kule. Mama anasema hakuwahi kumwona mtoto aliyechelewa kutembea na kuwahi kuimba kama yeye.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1992 na kumaliza la saba mwaka 1998. Jioni, baada ya masomo, aliuza mahindi ya kuchemsha kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka boda. Watoto wengine walipiga kelele "mahindi, mahindi" mpaka madereva wakapandisha vioo. Loisi aliyaimba. Kuna dereva mmoja Mzambia aliyenunua hindi, akampa mwenzake, akanunua jingine, akasema, "Bwekeshapo," yaani rudia, na alikuwa hana njaa hata kidogo. Sekondari aliisoma wilayani Mbozi, upande wa Isansa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Matokeo yake hatutayasoma hapa. Kwenye kwaya alikuwa wa kwanza.

Baada ya shule aliuza vitenge sokoni Tunduma, na hapo ndipo alipokutana na Clever, kijana aliyekuwa na studio nyuma ya duka la simu, chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Mwaka 2008 wakatoa albamu ya kwanza, *Foleni*. Loisi aliandika kila neno na kila sauti. Wimbo uliobeba jina la albamu unamhusu mwanamke anayempenda dereva na kuomba foleni isisogee, ili mpenzi wake achelewe kuondoka. Madereva waliushika kama wao. Waliuweka kwenye memori kadi, wakaondoka nao Dar es Salaam na Lubumbashi, na kwa muda fulani hukuweza kukatiza Tunduma bila kumsikia Loisi akitokea dirishani mwa lori. Watu walimwita Loisi wa Boda. Alilipenda jina hilo, ingawa alijifanya limemchosha.

Tarehe 11 Desemba 2010 alifunga ndoa takatifu na Osward Kibona, mfanyabiashara wa maharage, akahamia hapa Isongole. Mungu aliwajalia binti mmoja, Mercy, mwaka 2012. Osward alimpenda mkewe, hilo tunalisema bila kupunguza. Ila biashara ya maharage haina nyumbani. Wiki hii yuko upande wa Malawi, wiki ijayo Mbeya, na Loisi alibaki kwenye mji ambao lugha yake alikuwa bado anajifunza, baridi yake hakuizoea mpaka mwisho, na mtu mzima mwingine pekee aliyekuwepo alikuwa baba mkwe wake, Mzee Kefa.

Kwa wageni wa huku, inabidi kueleza kidogo. Kwa Wandali wanaoshika mila, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mwanamke anapisha pembeni na kujifunika kitenge. Hiyo ndiyo heshima, na nyumba nyingi huishi nayo vizuri kwa sababu mama mkwe yupo katikati, anapeleka neno na kurudisha neno. Mama Enesi, mama yake Osward, alifariki mwaka mmoja kabla ya harusi. Kwa hiyo Loisi aliolewa kwenye mji wenye nyumba mbili zinazotazamana na hakuna mdomo katikati. Alimpikia mzee miaka yote hiyo, chakula kikawekwa kibarazani, vyombo vikarudi vitupu na visafi, maana mzee alivisuuza mwenyewe. Ndiyo mazungumzo yaliyokuwepo.

Albamu ya pili, *Upande Huu*, ilitoka mwaka 2011, na redio moja ya pale Vwawa ikaanza kuipiga jioni. Mzee Kefa ni mtu wa redio tangu ujana wake. Siku ya kwanza wimbo wa Loisi ulipoanza, Loisi alikuwa jikoni kwake, mlango wazi, ametulia na mwiko mkononi asikie. Akamwona mzee, kupitia mlango wa nyumba ya pili, anainuka kwenye kiti, anachukua kofia, anatoka nje, anapita nyuma ya banda la mbuzi. Wimbo ulipokwisha, akarudi kuketi. Waimbaji wengine walipopigwa, hakutikisika. Juma lililofuata, vilevile. Ikawa hivyo kila mara.

Loisi aliumia. Mzee ni mzee wa kanisa, na yeye Loisi ameimba mambo ya madereva wa malori. Alijumlisha moja na moja. Alipomweleza mumewe, Osward alisema, "Baba ni mtu wa zamani, mama Mercy. Achana naye." Kumuuliza baba yake aliona haya. Na Loisi mwenyewe angeuliza kwa mdomo gani? Alimwambia Eva kwenye simu, "Mdogo wangu, mimi sitaki anisifie. Nataka nijue kama naruhusiwa kuimba kwenye nyumba niliyoolewa." Hilo tu ndilo alilolitaka hapa Isongole, na hakukuwa na wa kumpatia.

Basi akapunguza sauti. Wengi mnaijua albamu ya tatu, *Jikoni*, ya mwaka 2014, ile anayoimba kwa chini kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani. Magazetini waliandika kwamba Loisi wa Boda amekomaa, amepata mtindo mpya. Madereva walilalamika kwamba injini ikiwaka hawamsikii. Ukweli ni kwamba aliirekodi jikoni kwake kwa simu, mlango umefungwa, blanketi limetundikwa, ili sauti isivuke uani. Clever alipoipokea kule Tunduma alimpigia: "Dada Loisi, mbona unanong'ona? Toa sauti basi." Akamjibu, "Hapa nipo kwa watu, Clever." Ni albamu nzuri kuliko zote, na hakuna anayeijua anayeweza kuisikiliza akiwa na mtu.

Baada ya hapo alinyamaza. Aliulizwa sana kwa nini, akajibu kwamba shamba limemzidi. Alilima mahindi, akajifunza Kindali vizuri kiasi cha kuwatania wanawake wa kisimani, akawafundisha watoto nyimbo za Jumapili, lakini yeye mwenyewe hakurekodi hata ubeti. Kanisani alikaa viti vya nyuma na kuimba mdomo ukifunguka nusu. Asiyemjua zamani angedhani ni mwanamke mpole tu aliyetoka Tunduma. Upweke wake haukuwa wa kukosa watu, maana Isongole walimpenda. Ulikuwa wa kuishi na kipaji kama mtu anayeficha mgeni chumbani.

Mwezi Agosti 2023 alianza kuumwa. Hospitalini Mbeya walibaini saratani ya shingo ya kizazi, na akaanza safari za matibabu, Osward akiwa pembeni yake kila safari, maharage ameyaacha kabisa. Mwanzoni mwa mwaka huu aliomba kurudi kwa mama yake Tunduma. Alisema anataka kusikia malori. Huko, mwezi Machi, Clever alikuja na vyombo vyake mpaka chumbani, akarekodi nyimbo nne. Alimwomba aimbe kwa nguvu kidogo, sasa yuko kwao, hakuna wa kumkataza. Loisi alijaribu mara mbili, akacheka. "Nimeshasahau njia," akasema. "Rekodi hivyohivyo." Wimbo wa mwisho katika zile nne unaitwa *Mkono Umezoea Mlango*. Una mstari huu: *Nimebisha hadi mkono umezoea mlango, na wewe wa ndani sijui hata kikohozi chako.* Mama Anastazia alidhani ni wimbo wa mapenzi.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa mama yake, akiwa amelala. Osward alikuwa amemshika miguu, maana alikuwa akilalamika baridi.

Jana, kwenye kikao cha kupanga mazishi, Eva aliomba wimbo huo wa mwisho upigwe hapa leo. Kwa kuwa mji ni wa Mzee Kefa, ilibidi aulizwe, naye alikuwa ameketi peke yake nyuma ya watu. Eva hakuwa na uso mzuri alipouliza, na wote waliokuwepo wanajua. Alisema, "Baba, tunajua nyimbo za marehemu hukuzipenda. Lakini tunaomba huu mmoja."

Mzee aliinua uso, akamtazama Eva. Kisha akasema, "Nani kasema sikuzipenda?"

Eva akamwambia, mbele ya watu, kwamba kila wimbo wa Loisi ulipopigwa redioni yeye alinyanyuka akatoka, na kwamba Loisi alikuwa akimwona.

"Ndiyo, nilitoka," mzee akasema. "Mkwe akiingia, mimi natoka. Sauti yake ilikuwa imeingia ndani, mwanangu, ningekaaje? Ningekuwa nimemdharau. Redio niliiacha inaimba. Nilikuwa nasimama pale nyuma ya banda, ukutani, nasikiliza mpaka mwisho, halafu narudi. Hata ule wa foleni naujua." Akavua kofia, akaiweka magotini. "Alipoacha kuimba nikajua ni mimi nimemkosea kitu. Nikasema nimuulize. Sasa namuuliza kupitia kwa nani, na mama yao hayupo?"

Akaigeuza kofia. "Nilidhani anajua," akasema.

 Osward alitoka nje, na tulimsikia akilia.

Marehemu ameacha mume, Osward Kibona, binti, Mercy, mama mzazi, Anastazia Nachalwe, mdogo wake, Eva, mashangazi na binamu wa Tunduma na Nakonde, albamu tatu, na nyimbo nne ambazo hazijatoka. Ameacha pia baba mkwe, Mzee Kefa Kibona. Wazee wa ukoo walikaa asubuhi hii, na wamekubali ombi lake. Wimbo utakapopigwa sasa hivi, Mzee hatatoka. Ataketi palepale alipo, na tunaomba asitazamwe.

Loisi, dada yetu, Bwana akupumzishe kwa amani.